Waifai ya Daktari wa Meno

Wapo watu wanaojulikana kwa elimu yao, na wapo wanaojulikana kwa mali. Fundi huyu wa kushona sare za shule alijulikana kwa jambo moja tu: tangu anunue simu yake ya kwanza, hakuna aliyeweza kuapa kwamba amewahi kupigiwa naye mpaka wakazungumza. Alibipu. Akimtaka muuza vifungo, alibipu. Akimtaka mwenye nyumba aje atazame bomba linalovuja, alibipu, na mwenye nyumba pamoja na hasira zake zote ndiye aliyepiga. Karakana nzima ilimwita Bi Bipu. Aliitika bila kinyongo, maana jina lenyewe hakulilipia.

Wala usidhani alibipu ovyo ovyo. Mlio mmoja ukikatika, maana yake nimefika salama. Miwili, nipigie. Mitatu, nipigie upesi, nina shida. Minne haikuwahi kutumika, ilikuwa imewekwa akiba kwa ajili ya msiba. Na mtu akiwahi kupokea kabla hajakata, yeye ndiye aliyelaumiwa. "Sasa umepokea ya nini?" angemuuliza, akakata.

Mama yake aliishi upande wa pili wa mji pamoja na kitindamimba wake, kinyozi mwenye kibanda cha vioo mbele ya nyumba. Mama alipopimwa, akakutwa na presha na kupewa vidonge vya kumeza kila siku, Bi Bipu alimtungia utaratibu siku ile ile. Kila jioni yeye atabipu mara moja, kuuliza. Mama naye atabipu mara moja, kujibu kwamba amemeza.

"Hatutazungumza?" mama akauliza.

"Tuzungumze nini, Mama? Nikisikia mlio nimeshajua uko salama. Maneno mengine ni kuwatajirisha wenye minara."

Mama hakusema kitu. Waliomjua vizuri walijua kwamba huyo mama akilalamika hakuna neno, ila akinyamaza, jiandae.

Mambo yalikwenda hivyo kwa miezi kadhaa, mlio kwa mlio, mpaka karakana iliponunua mashine kubwa ya kutarizi nembo za shule, ile yenye sindano nyingi inayosoma michoro kutoka kwenye kompyuta. Waliouza walitaka mtu mmoja aende nchini kwao akafundishwe kuiendesha. Tajiri wa karakana alimchagua Bi Bipu. Sababu aliyoitangaza ni kwamba mkono wake haukosei. Sababu waliyoijua mafundi wenzake ni kwamba kati yao wote, yeye peke yake asingeomba posho ya simu.

"Dada, ukishuka tu kwenye ndege, zima data," kinyozi alimwonya akimfungia begi. "Simu yako ikianza kusalimiana na minara ya huko, salio lako halifiki mlangoni."

"Unanifundisha mimi?"

Alimcheka ndugu yake, na hilo lilikuwa kosa lake la kwanza. Kwa kweli alikusudia kuizima. Lakini aliwasha simu kwanza atazame saa, na kundi la ukoo lilikuwa limetuma video ya mbuzi aliyepanda juu ya paa akakataa kushuka. Simu, kwa kiherehere chake, ikaifungua yenyewe. Bi Bipu alimwona mbuzi hadi shingoni tu, kisha salio lote likaisha. Mpaka leo hajui kama mbuzi alishuka.

Alikwenda kwenye duka la laini za simu. Kijana wa pale alimwonyesha bei za bando kwenye ubao, akamwonyesha na karatasi za kujaza. Bi Bipu alisoma tarakimu, maana tarakimu ni zile zile dunia nzima, akatabasamu kwa adabu na kutoka kama mtu aliyeingia kutazama tu.

Hakuogopa, kwa kuwa hata huko ng'ambo mtu anaweza kubipu. Ndugu yake alimrushia salio dogo la kubipia. Jioni akabipu. Kabla mlio haujatimia, mama akapokea.

"Haloo? Haloo, mwanangu? Huko kuna baridi?"

Salio likaisha kwenye neno baridi. Siku ya pili kinyozi akamrushia jingine, na mama akapokea tena, akaanza kusimulia habari za jirani aliyepaka mlango rangi ya zambarau. Mama ambaye kwa miezi yote hakukosea hata mara moja! Bi Bipu aliuma meno. Siku iliyofuata ukaingia ujumbe wa kinyozi, na ujumbe wa kuingia, heri yake, haukatwi chochote.

"Dada, Mama amegoma dawa. Anasema hamezi mpaka wewe mwenyewe umwone kwa picha akimeza. Nimembembeleza nimechoka. Fanya maarifa."

Hapo mzaha ulimtoka. Mama mdogo wake alikuwa na presha hiyo hiyo, naye alivificha vidonge chini ya godoro kwa kuwa vilimchosha. Walimkuta sakafuni jikoni, upande mmoja wa mwili umelala, na hakuamka tena kuwa yule waliyemjua, hata akafa. Bi Bipu ndiye aliyeligeuza godoro lile. Usiku ule hakupata usingizi kwa hofu, na asubuhi alikuwa na neno moja tu kichwani: waifai.

Alikopanga kulikuwa kwa bibi kizee mwenye paka na redio, na kati ya hao wawili hakuna aliyekuwa na intaneti. Kwenye mafunzo, mkufunzi alifungia simu za wanafunzi kwenye droo hadi muda wa kutoka, na intaneti ya pale ilikuwa ya mashine peke yake. Lakini njiani, kati ya duka la rangi na duka la viatu, palikuwa na mlango wa kioo uliochorwa jino kubwa jeupe linalocheka. Chini ya jino palikuwa na vile vijimawimbi vitatu vilivyopangana, ambavyo havihitaji mkalimani.

Bi Bipu alisimama akautazama mlango ule. Kisha alivua kilemba, akakifunga upya kuanzia kidevuni hadi utosini, akashika shavu na kuingia akigugumia.

Dada wa mapokezi, mwembamba, mwenye kucha za kijani, alimhurumia papo hapo. Alimpa namba ya foleni na kumwonyesha kiti. Ukutani palibandikwa kadi yenye neno la siri, kwa raha ya wagonjwa wanaosubiri. Punde mama yake alitokea kwenye kioo cha simu kilichopasuka, amekaa kitandani, kinyozi amemshikia simu. Mama alimtazama na kilemba chake.

"Umefanya nini taya?"

"Hakuna kitu. Mama, kidonge kiko wapi?"

"Hiki hapa."

"Weka mdomoni. Kunywa maji. Haya, fungua mdomo. Zaidi. Inua ulimi. Shavu la kulia. La kushoto. Hilo la kushoto sijaliona vizuri, hebu livute kwa kidole."

Mama alitii kila amri, lakini haikuwa kazi ya mara moja. Safari nyingine kidonge kilikutwa kimejificha chini ya ulimi, safari nyingine nyuma ya gego, na Bi Bipu alifoka kwa sauti ya chini, akijifungua mdomo wake mwenyewe kumwonyesha alichotaka. Katikati ya amri, mama alipenyeza habari zake: mlango wa zambarau umepakwa tena, sasa ni wa njano, mjukuu wa jirani ameota meno, kinyozi amemkata mteja sikio, si sana. Bi Bipu alisikiliza yote, maana hakukatwa chochote.

Foleni ilipofika kwenye namba yake, alimgeukia aliyekaa jirani na kumpa kikaratasi chake kwa ishara ya ukarimu mkubwa: tangulia wewe, unaumia kuliko mimi. Yeye akachukua kikaratasi cha yule, cha mwisho. Kikikaribia, akampa mwingine. Kliniki ilipofunga, aliinuka akiugulia na kuondoka, na dada wa mapokezi akatikisa kichwa kwa kumsikitikia mwanamke mwenye roho nzuri namna ile.

Kesho yake akarudi, na kesho kutwa. Alibadili kilemba na kubadili shavu. Kuna siku alisahau, akaingia ameshika shavu la kulia, akatoka ameshika la kushoto. Wagonjwa wenye miadi ya mara kwa mara walianza kumsalimu, wengine wakamwekea kiti. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe la Bi Bipu lilikuwa njiani.

Hebu tazama jambo hili kwa macho ya wengine. Lugha yake hawakuijua. Walichokiona ni mwanamke mtulivu anayekuja kila jioni, halalamiki, haingii ndani, anafungua simu, na kwenye simu kuna mtu ameachama. Mwanamke anachungulia mle mdomoni, anaamuru, anakunja uso, anaamuru tena. Wewe ungesema ni nani huyo?

Mzee mmoja mwenye fizi zilizovimba ndiye aliyeanza. Alisogea karibu, akamgusa bega, akaachama. Bi Bipu aliona akikataa atajulikana kwamba hana lake pale. Akainama, akachungulia kwa heshima, akatikisa kichwa pole pole kama mtu aliyeona kitanzi kibaya cha uzi upande wa chini wa kitambaa. Mzee alishukuru mno. Jioni iliyofuata walikuwa wawili. Iliyofuata tena, mama mmoja alimletea mwanawe na boksi la biskuti, na Bi Bipu, ambaye hajawahi kukataa cha bure, akachungulia mtoto na kupokea biskuti.

Dada wa mapokezi aliyaona hayo yote kutoka mezani kwake. Akazitupa huruma zake, akaingia ndani kwa daktari.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani minene na glovu bado mkononi. Alitoka na kusimama mbele ya Bi Bipu, akasema maneno mengi kwa ukali. Bi Bipu hakuelewa hata moja, lakini kidole cha daktari alikielewa: kilielekea kwenye simu, kikaenda kwa wagonjwa, kikaishia kwenye cheti kilichotundikwa ukutani.

Wa kumwokoa alikuwa kwenye kiti cha pembeni. Ni dereva wa lori la masafa marefu, mtu wa miraba minne, aliyeokota Kiswahili barabarani kama wengine wanavyookota vumbi. Alikuwa ametoka kung'olewa gego, shavu limevimba, pamba imejaa mdomoni. Aliinua mkono.

"Dada," alisema kwa taabu kupitia kwenye pamba, "daktari anauliza wewe umesomea wapi udaktari wa meno. Na kwa nini umefungua kliniki ndani ya kliniki yake."

Siku za mwizi ni arobaini, na Bi Bipu aliona zake zimetimia bila hata kuzihesabu. Angeweza kutunga uongo mwingine, kichwa chake hakikuwa na uhaba. Ila alikuwa katikati ya kumsubiri mama aje na glasi ya maji, na mawazo yake yote yalikuwa kwenye kile kidonge.

"Mwambie mimi ni fundi wa kushona sare," alisema. "Mwambie huyu kwenye simu ni mama yangu. Ana presha na hamezi dawa nisipomwona. Nimeiba waifai yake, kweli, anisamehe. Lakini aniache kwanza mama ameze, ndipo anifukuze."

Dereva alitafsiri. Daktari hakushawishika. Pengine alishasikia mengi katika kazi ile, maana watu humdanganya daktari wa meno kila siku kuhusu mswaki. Alinyoosha mkono apewe simu aone mwenyewe.

Mama alikuwa amesharudi. Alipoona glovu na miwani mahali pa uso wa bintiye, hakushtuka, alitengeneza kanga begani na kusalimia. Daktari alimwashiria aachame. Mama akaachama. Daktari akasogeza simu chini ya taa, akainamisha kichwa huku na huku, akatazama kwa muda mrefu. Midomo yake ikaanza kucheza. Akasema neno kwa dereva, na dereva akaangua kicheko kilichomuumiza, akalishika shavu lake kwa mikono miwili.

"Anasema nini?" Bi Bipu akauliza.

"Anasema hicho si kidonge, dada. Ni peremende. Anaiona inavyoyeyuka. Na anasema gego la chini, upande wa kulia, limetoboka, na sababu ni hizo hizo peremende."

Chumba kizima kilicheka, isipokuwa mtu mmoja. Peremende. Jioni zote zile, ulimi juu, shavu kushoto, shavu kulia, na mama alikuwa akimumunya peremende. Basi dawa hajaigusa tangu yeye aondoke. Aliliona lile godoro alilolinyanyua zamani, vidonge vimejipanga chini yake vikiwa na vumbi.

Alipokonya simu mkononi mwa daktari bila kuomba radhi.

"Mama, dawa umezitupa wapi? Sema kweli. Unataka kufa kama mama mdogo?" Machozi yalimtoka mbele za watu asiowajua.

Mama aliitoa peremende mdomoni, akaiweka kwenye kisahani kwa uangalifu, maana hata yeye hakuwa mtu wa kutupa kitu. Mwana hutazama kisogo cha nina, na usimtafute mbali aliyemfunza Bi Bipu ubahili.

"Dawa nameza kila siku," alisema. "Mwonyeshe."

Kinyozi, kwa aibu ya mtu aliyeshirikishwa njama, aliinua karatasi ya vidonge mbele ya simu. Vishimo vilikuwa vimetobolewa kwa mpangilio, kimoja baada ya kingine, hakikurukwa hata kimoja.

"Nameza asubuhi, na chai," mama akaendelea. "Daktari alisema asubuhi. Tangu mwanzo ni asubuhi. Wewe umenibipu kila jioni miezi yote ile, nami nakubipu, na hujawahi kujua hata dawa yangu inamezwa saa ngapi."

Bi Bipu alivihesabu vishimo, kimoja kimoja.

"Ulipokuwa hapa, mji mmoja na mimi, nilikuwa nasikia mlio," mama alisema. Hakuwa akilaumu, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulisikia. "Umevuka mipaka ndipo nimekuona uso. Ningemeza mbele yako siku ya kwanza, ungesema vizuri, kwaheri. Kwa hiyo nikaona nikufichie kidogo, unitafute. Siku ile nilipoiweka nyuma ya gego tulizungumza mpaka chai yangu ikapoa."

Dereva alikuwa akitafsiri kwa sauti ya chini, bila kuombwa, kwa kuwa chumba kizima kilimwegemea. Alipofika kwenye chai akafuta macho, akawaambia ni maumivu ya jino.

"Nilikuwa na hamu nawe sana, mwanangu," mama akasema. "Sasa usilie, watakung'oa jino bure."

Daktari alivua glovu. Alisema maneno machache, safari hii taratibu. Dereva alimfikishia Bi Bipu hukumu yake: kiti cha dirishani ni chake kila jioni mpaka mafunzo yaishe, na waifai aitumie. Masharti ni mawili. Asimchungulie tena mtu yeyote mdomoni. Na mama aache peremende. Dada wa mapokezi naye aliongeza sharti la tatu, kwamba zile biskuti zigawanywe.

Masharti yalitimizwa. Jioni zilizobaki Bi Bipu aliingia kliniki uso wazi, bila kilemba cha kidevuni, akakaa dirishani. Mama alikuwa akimsubiri na punje ya karanga ulimini, na wote wawili walijua ni karanga. "Fungua mdomo," binti angesema. "Inua ulimi. Umeificha wapi, mwanamke wewe?" Mama alicheka hadi karanga ikamponyoka. Walizungumza mpaka sakafu ikapigwa deki na taa kuzimwa, na kwenye mazungumzo hayo Bi Bipu alijua mambo ambayo hakuwahi kuyajua: kwamba mama huogopa ngazi ya uani, kwamba hapendi ile dawa kwa kuwa humkausha koo, kwamba jirani wa mlango wa njano amemtolea posa na amemkataa, lakini si sana.

Mafunzo yakaisha, Bi Bipu akarudi. Mafundi wa karakana walingoja mlio mmoja wa nimefika salama. Haukuja. Alikuwa amesimama nje ya uwanja wa ndege na begi miguuni, vocha mpya ameikwangua kwa ukucha, si ndogo, na amepiga simu. Akaiacha ilie. Akaiacha ilie tena.

Mama alipoona mlio haukatiki, alipokea kwa hofu. "Kulikoni? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Mama. Nimefika."

Mama alikuwa akisubiri simu ikatwe, naye Bi Bipu alilijua hilo, likamchoma. Salio lilikuwa linakwenda. Aliliacha liende.

"Asubuhi umemeza?" akauliza.

"Nimemeza."

"Fungua mdomo nione."

Haikuwa simu ya picha. Hata hivyo, upande wa pili wa mji, mama aliachama mpaka mwisho na kusema "aaa" ndefu, na Bi Bipu, asiyeona kitu chochote, akamwamuru ainue ulimi.